Herufi M

Mimi ndiye mwenye kalamu.
Saa kumi na mbili na nusu, lango la kiwanda cha chumvi, Gongoni,
naita majina, na kila aitikaye
namtilia alama ya vema.
Asiyeitika namwekea herufi moja, M,
na M ni mgonjwa.
Mgonjwa wa nini, ni juu yangu kujaza.

Menza Ngowa, namba thelathini na saba,
huugua Jumatatu.
Ugonjwa wake una adabu: haumgusi siku ya mshahara,
Jumamosi humwacha acheze bao mpaka magharibi.
Jumapili jioni ndipo humjia,
ukipanda polepole kwenye mrija
mangweni kwa Mbodze, nyuma ya duka la saruji.

Nimemwandikia malaria mara tisa.
Jino, mara nne, jino lilelile
lililong'olewa mwaka juzi.
Shangazi yake nimemzika mara tatu,
Kaloleni, Bamba, kisha tena Kaloleni,
na mara zote tatu nilitoa mchango.

Msimamizi alisema, "Huyu ana damu tamu,
mbu wote wa Jumapili ni wake."
Tukacheka. Menza naye alicheka, Jumanne,
macho mekundu, reki mkononi,
akivuta chumvi kwa nguvu za watu wawili
kama anayelipa deni.

Maana akija, alifanya kazi. Hili niliseme.
Chumvi ile hula nyayo. Buti likitoboka
kidonda hakifungi mpaka mvua za masika,
na masika hakuna chumvi, wala ujira.
Yeye alisema mnazi ni dawa:
ukinywa, huisikii miguu.
Kisha huisikii Jumatatu.

Na nani alimpeleka kwa Mbodze mara ya kwanza?
Daftari halina safu ya swali hilo.
Alitoka Ganze kijana, hata soda ilimkwaruza koo.
Nikamwambia, njoo,
mnazi wa alfajiri ni kama maziwa, hauna neno.
Nikamnunulia chupa.
Nikamfutia mrija kwa shati langu.
Tumbo langu mimi lilikataa mwaka uliofuata.
Lake lilikubali.

Mwezi wa tatu alikuja siku ya Jumatano.
Bila buti.
Macho hayakuwa mekundu tena,
yalikuwa rangi ya binzari,
na tumbo limetangulia mbele ya shati.
Akanipa karatasi ya hospitali ya Malindi
yenye muhuri, yenye saini, yenye tarehe.
Nikaigeuza. Nikaiinua juani
kama mtu anayekagua noti.
"Hii umeinunua wapi, Menza?"
"Safari hii ni kweli, karani."
Foleni nzima ikaangua kicheko.
Mimi nilicheka kidogo.

Sasa naita thelathini na sita, Tsofa, yupo.
Naita thelathini na nane, Kahindi, yupo.
Hapo katikati kalamu hukwama.

Jana alikuja Nyevu, mkewe, kuulizia malipo ya ruhusa.
Nikamfungulia daftari aone mwenyewe:
siku zote za ugonjwa zimekwisha,
zimetumika moja moja,
kwa hati yangu nzuri.
Alifuata mistari kwa kidole.
Malaria. Malaria. Jino.
Kidole kikasimama.
"Shangazi yupi huyu?
Menza hana shangazi."

Nikasema msimamizi yuko Malindi mjini,
nikasema sheria ni sheria,
nikasema mambo mengine ya karani.
Yeye alikuwa bado anasoma,
akifika siku ya jana yenyewe,
M, wino haujakauka.
"Leo ameamka," akasema. "Amekunywa uji.
Vijiko viwili."

Alipoondoka nilichukua penseli,
na pembeni, nje ya safu zote,
pasipo mkaguzi kuangalia, nikaandika:
uji, vijiko viwili.